Unaanza kurusha ndege kwenye simuleta? Shika spidi na trimu kwanza, Boeing itakungoja

Nyie mnaoanza kurusha ndege kwenye kompyuta nyumbani, nawaandikia nyie khasa, manake maswali yanayokuja ni yale yale, nimeweka simuleta, nimefungua Boeing 787, nimeruka vizuri tu kutoka Kiembe Samaki, otopailoti nimewasha, sasa kushuka ndo siwezi, kila nikirudi naangukia baharini kule Chukwani, nifanyeje. Jibu langu ni moja na sitolibadilisha: iache hiyo Boeing, fungua Cessna 172, na usitoke humo mpaka uweze kuishika spidi bila kuitizama kila sekunde. Kuruka si kazi, ndege yenyewe inataka kuruka, ukiipa throto yote (ule mkono wa nguvu ya injini) ikafika noti 55, yaani maili 55 za bahari kwa saa, unavuta kidogo tu imeshanyanyuka. Kazi ni kushuka, na kushuka kunaanza mbali sana na uwanja, kunaanza pale unapoamua spidi yako iwe ngapi na ndege ikakutii.

Kuhusu vifaa nisikuchosheni. Kama laptop yako ya kawaida chukua FlightGear, ni ya bure kabisa na Cessna 172 imo. X-Plane 12 na Microsoft Flight Simulator zinapendeza macho, ila hii ya Microsoft inavuta picha za ardhi kutoka intaneti huku unaruka, bando litakwenda na wewe bado uko Fumba. Punguza mawingu, punguza magari ya barabarani, punguza kila kitu mpaka picha itulie, fremu 30 kwa sekunde zilizotulia ni bora kuliko 60 zinazorukaruka, kwa sababu picha ikikwama wakati wa kugusa chini mkono unachelewa na hapo hujifunzi kitu. Lakini joystiki nunua, kwenye hilo sina mjadala. Tafuta ile ambayo ukiizungusha kijiti chake inakuwa pedali za usukani wa mkia, kibodi haitokufundisha kurusha ndege hata ukae miaka. Alafu ingia kwenye mipangilio uzime ule msaada wa kujipiga usukani wenyewe, na upunguze ukali wa joystiki pale katikati, nyingi zikitoka dukani zinashtuka kupita kiasi.

Sasa mkono. Wengi wenu mnakamata joystiki kwa ngumi na mnaipeleka huku na huku, pua inapanda mnasukuma, inashuka mnavuta, ndege haitulii hata nusu dakika. Waliowahi kukaa nyuma ya ngarawa wakashika usukani hili watalielewa haraka: unagusa kidogo, unangoja chombo kijibu, ndo unaamua tena. Shika kwa vidole vitatu. Tizama nje, uone pua imekaa wapi ukilinganisha na upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu, hio ndo saa yako kubwa kuliko zote. Sisi wa visiwani tumebarikiwa kwa hilo, kila upande una bahari na upeo ulionyooka, anaejifunzia kwenye milima hana raha hio.

Na trimu jamani, trimu, kile kigurudumu kinachoishikilia pua badala ya mkono wako! Hichi ndo kitu ambacho mtu akikielewa siku hio hio anakuwa rubani mwengine. Ndege kila ikibadilisha spidi inataka pua ikae pahala pengine, na wewe ukibaki unaishikilia kwa nguvu ya mkono utachoka na akili yako yote itaishia hapo. Kwaiyo mpango ni huu, kwanza weka pua unapotaka kwa joystiki, kisha weka throto unayotaka, ngoja spidi itulie, alafu ndo uzungushe trimu taratibu huku unairudisha joystiki katikati kidogo kidogo mpaka mkono hauna kazi tena. Usiitumie trimu kuongozea ndege, trimu inakuja baada. Vitufe vyake viweke pale kidole gumba kinapofika. Jipime hivi: panda mpaka futi 3,000, nyoosha, piga trimu, achia joystiki kabisa uhesabu dakika moja. Kama umepanda au umeshuka zaidi ya futi 100 bado hujaiweza, rudia. Hili zoezi halina raha yoyote kulitizama na ndo maana watu wanalikimbia, lakini mimi naona lina thamani kuliko safari zote za Dubai mnazorushwa na otopailoti.

Ukishaliweza, ongeza hili. Punguza throto bila kugusa kitu kengine, uone ndege inavoinamisha pua yenyewe na kushuka huku spidi ikirudi karibu na pale pale. Rudisha throto, inapanda. Yaani kwenye spidi za kushukia trimu na pua ndo zinashika spidi, throto ndo inaamua unapanda au unashuka. Mtu anaeingia fainali, ule mstari wa mwisho wa kuifuata ranwei (njia ya kurukia), anajiona yuko chini ya njia akavuta pua juu, spidi inamfia na ndege inazidi kushuka. Mpe throto, pua iache.

Tuje kwenye mzunguko wa uwanja, hapa kaeni muda mrefu. Uwanja wetu wa Abeid Amani Karume una njia moja ya kurukia, ranwei 18 na 36, maana yake kusini na kaskazini, na ina urefu wa kama kilomita 3. Nyie upepo mnaujua tokea wadogo, msimu wa kusi unarukia na kushukia 18, wa kaskazi 36, siku zote pua iangalie upepo unapotoka. Simuleta ukiiacha na hali ya hewa tulivu inakudekeza, weka upepo wa noti 10 kutoka kusini mashariki, ndo mambo ya huku. Unaruka 18 noti 74 unapanda, unakata kushoto, unakata tena kushoto sasa pua inaelekea kaskazini, uko futi 1,000, uwanja uko kushoto kwako na nyuma yake bahari. Ukifika sambamba na pale utakapogusa, throto ishuke mpaka mizunguko 1,500 hivi ya injini, flepi 10 (vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavoshushwa, nyuzi 10), spidi 85. Kata kushoto, flepi 20, spidi 75. Kata tena, fainali, uko upande wa Mwanakwerekwe unaiona njia yote mbele, flepi 30, spidi 65. Kila ukishusha flepi pua inataka kunyanyuka, isukume kidogo kisha trimu. Kila spidi mpya na trimu yake.

Kujua kama uko sawa kwenye fainali, tizama ile sehemu ya ranwei ambayo haisogei kwenye kioo, haipandi wala haishuki, hapo ndo unapokwenda kugusa. Pale unapotaka kugusa pakipanda kwenye kioo utafika mfupi, pakishuka utapitiliza. Na hesabu moja ya haraka, chukua spidi yako juu ya ardhi uzidishe kwa 5, noti 65 ni kama futi 325 kwa dakika, hio ndo kasi ya kushuka kwenye mteremko wa kawaida wa nyuzi 3. Sindano ya kasi ya kushuka ikikuonyesha 800 kuna kitu hakijakaa.

Kwa nini nakazania 65 na sio 75? Nguvu ambayo ndege imebeba inakwenda na spidi mara spidi, kwaiyo 75 si zaidi kidogo tu, ni kama thuluthi nzima zaidi ya 65. Unafika juu ya ranwei unavuta pua, ndege haitui, inaelea, inaelea, kwa sababu karibu na ardhi, chini ya urefu wa bawa hivi ambao kwa Cessna ni mita 11, hewa inaibeba vizuri zaidi. Hapo ndo mtu anapoingiwa na haraka akaisukuma chini, gurudumu la mbele linapiga kwanza inaruka kama imepigwa teke. Usisukume. Ukivuka mwanzo wa ranwei punguza throto mpaka mwisho, macho yahamishe uangalie mwisho wa ranwei kule mbali sio chini ya pua, na kila ndege inapotaka kuzama izuie kidogo, ikizama tena izuie tena, mpaka ichoke yenyewe. Magurudumu ya nyuma yaguse kwanza. Kengele ya onyo, ile inayolia mabawa yakikaribia kuacha kubeba, ikianza kulia pale pale unapogusa, mashaallah, umeshusha ndege.

Ile kengele nayo muijue mapema kabla haijawakuta pahala pabaya. Nendeni juu ya bahari upande wa Chwaka, futi 3,000, punguza throto mpaka mwisho, shikilia pua juu mpaka kengele ilie na mabawa yaache kubeba. Dawa ni kushusha pua kwanza, throto yote, nyoosha mabawa, alafu panda. Nyumbani kiti hakitetemeki wala tumbo halikupandi, kwaiyo masikio ndo msaada wako, sikiliza upepo unavonyamaza na injini inavobadilika. Wakati mwengine chukua karatasi uzibe saa ya spidi kwenye skrini urushe kwa kusikia na kuona, maradhi makubwa ya watu wa simuleta ni kuganda kwenye saa na kusahau kuna dirisha.

Jengine ni miguu. Ukiipa throto yote ndege inavuta kushoto, propela ndo inayofanya hivo, kanyaga kulia (kwenye joystiki ndo kuzungusha kijiti kulia) tokea mwanzo na uendelee kukanyaga unapopanda.

Ukiwa unashuka Unguja bila wasiwasi sasa nenda Pemba. Ni kama maili 68 za bahari, dira nyuzi 33 hivi, dakika 40 kwa Cessna. Usiwashe ramani, soma visiwa. Mnemba utaipita kushoto kwako, kisha ni bahari tupu, Mkoani itatokea kushoto, uwanja uko mashariki ya Chake Chake. Ukiwa na upepo wa kusi wa noti 15 kutoka nyuzi 150 utakusukuma kushoto bila kuhisi, elekeza pua kulia kama nyuzi 7 ndo utafika, ukisahau utajikuta unaelekea Misali. Na uwanja wa Pemba ndo skuli yenyewe, manake ranwei yake ni 03 na 21, urefu ni kama nusu ya ule wa Unguja, na upepo huo huo unakupiga ubavuni. Ukija 21 unakutoka kushoto, ukihesabu ni kama noti 13 za ubavuni, na Cessna 172 waliotengeneza walionyesha inashuka mpaka 15. Njoo na pua imeelekea kushoto kwenye upepo, wakati wa kuzuia kanyaga kulia pua inyooke na ranwei, huku joystiki inalala kushoto bawa la upande wa upepo liwe chini kidogo. Gurudumu la kushoto liguse kwanza, na ukishagusa usiachie, zidi kulaza kushoto mpaka isimame. Ikiwa hujanyooka, throto yote, flepi rudisha 20, noti 60, panda uje tena, marubani wa kweli wanafanya hivo na hakuna anaewacheka.

Siku Pemba ya kusi ikiwa haikutishi ndo ufungue Cessna Caravan, zile zile mnazoziona zikienda na kurudi Pemba kila siku. Bawa juu, usukani karibu ule ule, ila ni nzito, injini yake ni ya turboprop, tabaini inayozungusha propela, na inachelewa kidogo kujibu throto, kwaiyo yale ya kungoja ndege ijibu utayahitaji zaidi. Fainali isogeze iwe kama 80 na zoezi la kuachia joystiki dakika moja uanze nalo upya.