Kufuata timu AFCON na begi mgongoni: acha siku tupu kwenye ratiba

Watu wananiuliza sana nilitoboaje Ivory Coast kwenye ile AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyoanza tarehe 13 mwezi wa kwanza 2024, maana nilienda na begi moja tu mgongoni, sina kundi sina ajenti, na Kifaransa changu ni cha kuombea maji. Jibu langu ni moja, usijaze ratiba. Mechi ukiziangalia kwenye simu unaona rahisi tu, leo mji huu keshokutwa mji ule, ila katikati hapo kuna barabara, kuna joto, na kuna mashabiki wa timu nyingine wanaotaka siti ileile unayoitaka wewe.

Chukua kundi letu. Taifa Stars, timu yetu ya Tanzania, mechi mbili za kwanza zilikuwa San Pédro, pwani kule kusini magharibi. Tarehe 17 Morocco wakatupiga 3-0, tarehe 21 tukatoka 1-1 na Zambia, Msuva wetu kafunga dakika ya 11 tu halafu Daka wa Zambia anakuja kusawazisha dakika ya 88 na wao wako pungufu kwa kadi nyekundu tangu kipindi cha kwanza, mpaka leo inaniuma. Mechi ya tatu na DR Congo ni tarehe 24, Korhogo, kaskazini kabisa huko karibu na Mali na Burkina Faso. Yani unavuka nchi nzima na una siku mbili tu katikati. Jamaa niliolala nao gesti wakasema watapumzika kwanza, watasafiri tarehe 23. Mimi tarehe 22 alfajiri niko stendi.

Basi letu likazingua njiani, tukakaa juani kama masaa manne, na sikuwa na presha hata kidogo kwa sababu nlikuwa na siku nzima mkononi. Wale jamaa tarehe 23 wakakosa siti, wakaondoka 24 alfajiri, wakaingia uwanjani kipindi cha pili. Safari yote ile kwa dakika chache za mpira, niliwaonea huruma sana.

Nikalala Yamoussoukro. Nimeshuka jioni nikaingia maquis, hizo ni sehemu za kula za wazi, meza nje, muziki na TV, na kiukweli kama huna tiketi ndo sehemu nzuri kuliko zote ya kuangalia mpira. Mwenyeji wa mashindano, Ivory Coast, alikuwa anacheza na Equatorial Guinea. Nakaa ni 1-0 wanapigwa, samaki na attiéké yangu (chakula cha mihogo, punje punje) inafika, naimaliza ni 4-0. Sijawahi kuona watu wengi wako kimya vile. Mama aliyekuwa anapika akazima jiko akakaa chini. Nje teksi hakuna kabisa, nikatembea na begi mpaka nilikofikia. Kwahiyo siku mwenyeji anacheza, ashinde au afungwe, fika mapema unapolala, jioni usipange safari yoyote. Asubuhi nikaenda kuona ile Basilika, kanisa kubwa alilojenga Houphouët-Boigny, rais wao wa kwanza, mchana nikaendelea na safari, na hiyo Basilika nisingeiona kama ningefanya safari ya moja kwa moja.

Hela ni faranga za CFA, na tafadhali vunja noti kubwa mapema, ukimpa dereva wa woro-woro, zile teksi za kuchangia, elfu kumi atakuangalia tu maana chenji ni shida kila mahali. Kadi ya homa ya manjano iweke karibu na pasi. Dawa za malaria usiache. Kaskazini mwezi huo kuna upepo wa Harmattan unaleta vumbi la jangwani, midomo inapasuka, beba mtandio na mafuta ya kujipaka. Begi liwe la kupakata, likipanda juu ya basi utakaa roho juu safari nzima.

Tiketi usinunue kwa mtu wa barabarani. Mimi nilinunua San Pédro, picha ya tiketi kwenye simu, getini ikakataa kwasababu mwingine alishaingia nayo. Hela ikaenda hivyo, nikatafuta nyingine kwenye njia rasmi na nikaipata bila shida yoyote, hapo ndo iliniuma zaidi.

Korhogo sasa. Sisi 0-0 na Congo, pointi 2, tumetoka. Ila wenyeji waliokaa pembeni yangu macho yote yako kwenye simu, wanafuatilia Morocco na Zambia kule San Pédro muda huohuo, maana Ivory Coast alimaliza wa tatu kundini kwake na anasubiri kupita kama mmoja wa washindi wa tatu bora, Zambia akipata hata sare anaaga mashindano yake mwenyewe. Morocco akashinda 1-0. Uwanja ukalipuka na uwanjani kwetu hakuna kilichotokea! Mzee mmoja akanishika mkono, jezi yangu ya Stars imelowa jasho, akawa ananiambia neno moja tu nilielewe, "demain, demain", kesho. Nilikuwa nimepanga kurudi Abidjan tarehe 25. Kwenye ratiba yangu kulikuwa na siku tano hazina kitu, nikabaki, na tarehe 29 nilikuwa Yamoussoukro kwenye maquis ileile wakati Ivory Coast wanamtoa Senegal kwa penati, jiko limezimwa tena na mama yule yule yuko juu ya meza anacheza.