Vituo Viwili na Mzee Mmoja Aliyepata Kiharusi

SWALI

Ndugu Mjibu Maswali, baada ya salamu naomba ushauri wako. Baba yetu, mwenye umri wa miaka 71, alipata kiharusi wiki tatu zilizopita akiwa shambani kwake, si mbali na Tukuyu. Amelazwa hospitalini jijini Mbeya, na sasa daktari anasema anaweza kuruhusiwa, ila upande wake wa kulia hauna nguvu, maneno yanamtoka kwa shida na hawezi kusimama bila kushikwa. Mama peke yake hamudu kumnyanyua, na sisi watoto tumetawanyika. Tumetembelea vituo viwili vinavyolaza wagonjwa wa namna hii kwa ajili ya uuguzi na mazoezi. Cha kwanza ni kipya, kina vigae na televisheni kila chumba, na tulipofika saa nne asubuhi tuliwakuta wagonjwa wote wamelala kwa utulivu kwenye mashuka meupe. Cha pili sakafu yake ni ya saruji iliyopasuka, kina kelele, na tulimkuta mzee mmoja akihangaika kuvaa shati huku mhudumu amesimama kando akimtazama tu. Mdogo wangu aliyeko Marekani anasema huko vituo hupewa nyota, naye anauliza hivi vyetu vina ngapi. Kaka zangu wanataka cha kwanza. Mimi moyo unasita, lakini nikiulizwa sababu sina. Tuvipimeje?

Msomaji, Wilaya ya Rungwe

JIBU

Pole sana, dada, na utufikishie pole kwa mama. Nianze na nyota, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Ni kweli kwamba huko Marekani, tangu Desemba 2008, serikali huvipa vituo vya uuguzi nyota moja hadi tano kwa kuangalia matokeo ya ukaguzi wa kushtukiza, wingi wa wauguzi ukilinganishwa na wagonjwa, na takwimu za hali za wagonjwa wenyewe, kama vile wangapi wamepata vidonda vya kulalia. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa hesabu ya wauguzi ilitegemea maelezo ya kituo chenyewe, mpaka mwaka 2016 vilipotakiwa kuwasilisha kumbukumbu za malipo ya mishahara. Hapa kwetu Wizara ya Afya ilianza kuvipa nyota vituo vya huduma za msingi, yaani zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, katika mwaka wa fedha 2015/16, lakini mpango huo haukubuniwa kwa ajili ya nyumba za kumlaza mgonjwa wa kiharusi kwa miezi. Mwambie mdogo wako kwamba nyota za vituo hivi mtazihesabu nyinyi wenyewe, tena kwa macho.

Nadhani kilichousitisha moyo wako ni yule mzee wa shati. Sitashangaa kama kaka zako walimhurumia mzee na kumkasirikia mhudumu, kwa sababu sisi tumelelewa kuamini kwamba kumheshimu mzazi ni kumfanyia: kabla hajauliza maji, kikombe kimeshafika, kabla hajainama, viatu vimeshavaliwa. Kwa mzee mzima huo ni utu. Kwa mzee anayetoka kwenye kiharusi, heshima ya namna hiyo humnyima dawa, kwani ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kulirudia tendo lenyewe mara nyingi, siku baada ya siku, na sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi mitatu ya mwanzo, ingawa maendeleo hayakomi hapo. Baba yako ameshatumia wiki tatu katika hizo. Mhudumu yule, ikiwa alikuwa karibu kiasi cha kumdaka mzee asianguke, na ikiwa alimfundisha kuanza kuvisha mkono dhaifu ndipo amalizie na ule mzima, hakuwa amesimama bure. Alikuwa kazini, na kazi yenyewe ni ngumu kuliko kumvisha mtu kwa dakika moja na kuondoka. Inawezekana pia kwamba alikuwa amechoka na hajali. Hilo halijulikani kwa kutazama mara moja. Rudi umuulize, "Mzee huyu wiki iliyopita alikuwa anaweza nini?" Aliye kazini atakujibu papo hapo.

Ukimya wa kituo cha kwanza, kwa upande wangu, unanitia shaka zaidi kuliko ile sakafu iliyopasuka. Saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo wagonjwa wa mazoezi wanapaswa kuwa wameketi, wanasimamishwa, wanagombana na vifungo vya nguo. Ikiwa wote wamelala, ulizeni bila woga kama kuna wanaopewa dawa za usingizi au za kuwatuliza, nani aliyeziandika na kwa sababu gani. Huenda mlifika baada ya mazoezi wakati wamepumzishwa; basi wawaonyesheni ratiba yao, na chumba cha mazoezi kiwe na dalili za kutumika. Nimewahi kuonyeshwa chumba kizuri cha mazoezi ambamo baiskeli ya mazoezi ilikuwa bado imefungwa nailoni.

Waulizeni pia wanapimaje maendeleo. Kipo kipimo cha siku nyingi kinachoitwa kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965, kinachoangalia mambo kumi ya kila siku: kula, kuoga, kujinadhifisha uso na kinywa, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea na kupanda ngazi. Jumla ni alama 100. Si lazima kituo kitumie hicho, lakini lazima kiwe na daftari linaloonyesha mgonjwa alipoingia alikuwa wapi, lengo la wiki mbili zijazo ni lipi, na mtaalamu wa fiziotherapia amemwona siku zipi na kwa dakika ngapi. Kituo kinachokujibu kwamba "anaendelea vizuri" pasipo maandishi hakina cha kukuonyesha siku atakapokuwa haendelei.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hutalikuta katika fomu yoyote, nalo ni mkono wa kushoto. Baba yako amepooza upande wa kulia. Mzee wa kwetu aliyekula ugali kwa mkono wa kulia miaka 71 hatakubali kirahisi kula kwa kushoto mbele ya watu, na wapo wanaopunguza kula kwa aibu hiyo huku wauguzi wakiandika kwamba "hana hamu ya chakula." Waulizeni wahudumu wanafanyaje kwa mzee wa namna hii. Watakaocheka, waacheni. Watakaosema kwamba humpa kijiko na bakuli zito lisiloteleza, humkalisha kwanza mahali pa faragha, na huuongoza mkono wa kulia ushiriki japo kwa kuegemea mezani, wameshawahi kumwona mgonjwa kama yeye. Ndivyo ilivyo pia kwa usemi. Kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo, upande uleule unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na ndiyo maana udhaifu wa kulia mara nyingi huja pamoja na kukwama kwa maneno. Mtu wa hali hiyo anaweza kuelewa mengi kuliko anavyoweza kujibu. Sikilizeni wahudumu wanavyowasemesha: wanamsubiri amalize, au wanazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo? Na kama baba maisha yake yote amezungumza Kinyakyusa nyumbani, kuwepo kwa mhudumu mmoja anayeijua lugha hiyo kuna thamani kuliko televisheni.

Mtakaporudi, fikeni wakati wa chakula, bila kutoa taarifa. Baada ya kiharusi njia ya kumeza huweza kulegea, chakula kikapita kwenye njia ya hewa na kuleta homa ya mapafu, ambayo huua wagonjwa wengi walioponea kiharusi chenyewe. Kabla ya kulishwa chochote mgonjwa mpya hupimwa anavyomeza. Wakati wa kula huketishwa wima, hupewa kidogo kidogo, na baada ya kula habwagwi kitandani mara moja bali huachwa ameketi kwa takriban nusu saa. Mkiona anayelishwa uji akiwa amelala chali, hamhitaji kuuliza swali jingine mahali hapo. Tazameni pia wanavyomnyanyua: mkono uliopooza hauvutwi kamwe, kwa sababu bega lake limelegea na huteguka, na maumivu ya bega hilo humfanya mgonjwa ayakatae mazoezi yote.

Usiku ni habari nyingine. Ulizeni ni wahudumu wangapi hubaki zamu ya usiku kwa wagonjwa wangapi, na kati yao ni nani muuguzi mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, naye mtu mmoja hawezi kuwageuza wagonjwa ishirini mpaka kuche. Kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna na baridi ya Juni na Julai, ambayo huwafanya watu wenye nia njema kuwaumiza wagonjwa: chupa ya maji ya moto huwekwa kwenye mguu usio na hisia, na asubuhi ngozi imebabuka pasipo mgonjwa kulia, au jiko la mkaa huingizwa chumbani na madirisha kufungwa, na hewa ya sumu isiyo na harufu huwamaliza watu usingizini. Jibu sahihi la baridi ni mablanketi ya kutosha, soksi na kofia.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Pateni kwa maandishi ni vitu gani vimo ndani ya ada na vipi hulipiwa pembeni, hasa mazoezi, dawa na nepi za watu wazima. Cheti cha usajili wa kituo kiwe ukutani.

Ukinibana nichague leo, ningeelekea cha pili, kwa sharti kwamba ziara ya wakati wa chakula na majibu ya zamu ya usiku yasiwaangushe. Vigae vina faida yake, kwa kuwa husafishika, lakini vikilowa huteleza, na mzee anayejifunza kutembea huanguka. Na popote mtakapompeleka, ombeni mama aruhusiwe kushinda pale siku chache kila wiki, afundishwe kumhamisha baba kutoka kitandani hadi kitini bila kuuvunja mgongo wake mwenyewe. Kituo kinachomkaribisha mama jikoni na kitandani hakina cha kuficha, na kinajua kwamba baba atarudi nyumbani.

SWALI

Mama yangu yuko katika kituo cha wazee kwa mwezi wa pili sasa. Ana kidonda juu kidogo ya makalio. Wahudumu wanasema ni kawaida ya uzee, wanamnyunyizia unga wa dawa ya vidonge. Je, ni kweli?

Msomaji, Mafinga

JIBU

Si kweli. Uzee huifanya ngozi iwe nyepesi, lakini kidonda cha mahali hapo husababishwa na kulala au kuketi mkao mmoja kwa muda mrefu mpaka damu ikashindwa kupita, na unyevu wa mkojo huharakisha. Huanza kama doa ambalo halififii ukilibonyeza. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu huwa hauonekani, hivyo hutafutwa kwa mkono: sehemu iliyo ya moto au ya baridi kuliko jirani yake, iliyo ngumu, au inayouma ikiguswa. Hapo ukiondoa mgandamizo ngozi hupona. Ukiisugua unaiharibu zaidi.

Unga wa vidonge uachwe. Kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, kifunikwe, na urefu na upana wake viandikwe kila wiki; mama ageuzwe kwa saa zilizoandikwa, visigino vyake viinuliwe kwa mto, asikalishwe kwenye mpira wa duara wenye tundu, na apate mayai, maharage au samaki kwa ajili ya kujenga nyama. Ikiwa kidonda kina weusi, harufu, shimo linalofika ndani, au mama ana homa au anachanganyikiwa, apelekwe hospitali leo.

Malalamiko yako yapeleke kwanza kwa msimamizi wa kituo, kwa barua yenye tarehe, ubaki na nakala. Usipojibiwa, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Ambatanisha picha za kidonda za siku tofauti na uombe karatasi ya saa za kugeuzwa. Kama karatasi hiyo haipo, liandike na hilo. Ila mama asikae pale akisubiri barua ijibiwe.