Jibu: Unyakuo ni kabla ya dhiki kuu au baada?

Bwana asifiwe, dada. Umeuliza andiko gani linasema Kanisa litanyakuliwa, yaani waumini watachukuliwa kumlaki Bwana mawinguni, kabla ya dhiki ya miaka 7, kipindi cha mateso makuu siku za mwisho. Unyakuo wenyewe upo wazi, 1 Wathesalonike 4:16-17. Ubishi ni juu ya wakati, na hakuna aya moja inayoutaja moja kwa moja.

Hiyo miaka 7 haimo katika Ufunuo, ambao unataja miezi 42 na siku 1,260. Inatokana na Danieli 9:24-27: majuma 70, kila juma likihesabiwa miaka 7. Walimu wa "kabla ya dhiki" husema majuma 69 yalitimia, la mwisho likasogezwa hadi siku za mwisho. Ukilikataa pengo hilo kati ya juma la 69 na la 70, ratiba yote inayumba. Mhubiri John Nelson Darby aliyaeneza mafundisho haya kuanzia miaka ya 1830, kisha maelezo ya Biblia ya Scofield, 1909, yakayafikisha mbali.

Wengi hukosea kwenye Mathayo 24:40, "mmoja atwaliwa". Anza aya ya 37. Katika aya ya 39 gharika ndiyo "ikawachukua wote", na waliochukuliwa ni waovu! Aya hiyo usiitegemee kabisa kuthibitisha unyakuo.

Hoja yenye nguvu zaidi ya walimu wa "kabla" ni Ufunuo 3:10, ahadi ya kulindwa na saa ya kujaribiwa. Isome sambamba na Yohana 17:15, ambapo Yesu haombi wanafunzi watolewe ulimwenguni bali walindwe, halafu 2 Wathesalonike 2:1-3, ambapo Paulo anasema ukengeufu na mtu wa kuasi vitatangulia kuja kwa Bwana. Kwangu mimi, Mathayo 24:29-31, ambapo wateule wanakusanywa baada ya dhiki, inaelemea upande wa "baada".