Re: Mistari ya wima kwenye kioo cha laptopu, waranti imeisha

Mkuu, usikimbilie kununua kioo. Chomeka laptopu kwenye TV kwa waya wa HDMI kwanza. TV nayo ikionyesha mistari, mara nyingi tatizo liko kwenye ubao mama (bodi kuu ya laptopu) na kioo kipya hakitakusaidia. TV ikiwa safi, chezesha mfuniko taratibu: mistari ikipotea na kurudi, mara nyingi ni mkanda wa fleksi (waya bapa unaopeleka picha kwenye kioo) unaopita kwenye bawaba, na huo ni bei chee.

Isipobadilika, ni kioo. Kabla ya kwenda Kariakoo toa fremu, geuza kioo, piga picha stika ya nyuma yenye namba ya kioo (mfano N156BGA-EA3). Usinunue kwa jina la laptopu. Modeli moja hutoka na vioo tofauti. Pini za soketi ya kioo huwa 30 au 40, haziingiliani. Tazama na masikio ya skrubu, maana vingine havina, hubandikwa kwa gundi.

Fundi achomoe betri kabla ya kugusa soketi ya kioo. Akiunganisha umeme ukiwepo, kifyuzi cha taa ya kioo kinaweza kuungua, kioo kipya kinabaki giza, halafu mnaanza kulaumiana na muuzaji. Kiwashwe palepale dukani, picha nyeupe tupu kisha nyeusi, madoa yaonekane kabla hujatoa hela.