Wasifu wa mchungaji wetu, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma safu yako siku nyingi ila leo ndo nimepata sababu ya kuandika. Mchungaji wetu wa kanisa la Baptisti ametutoka, ametumika kanisa hilohilo moja zaidi ya miaka 30, ndo aliyenibatiza, akanifungisha ndoa, akamzika mama yangu. Sasa mashemasi wamenipa kazi ya kuandika wasifu wake wa kusomwa kwenye ibada ya kumbukumbu na nimeshaandika mara nne nachana, kila nikiandika inatoka kama karatasi ya kuombea kazi, alizaliwa, akasoma chuo cha Biblia, akajenga jengo, basi. Alafu kuna miaka ile kanisa liligawanyika, wengine wanasema hilo lisiguswe kabisa. Nisaidie.
Binti wa Kwaya

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Barua yako nimeirudia mara mbili, na kilichonishika ni yale uliyoyataja harakaharaka kana kwamba si kitu, kwamba alikubatiza, akakufungisha ndoa, akamzika mama. Wasifu uko hapo. Wewe unamtafuta kwenye vyeti na yeye alikuwa nyumbani kwenu.

Mimi ningeanza na maji. Sisi Wabaptisti hatubatizi watoto wachanga, mtu anabatizwa akishaamini na kukiri kwa mdomo wake mwenyewe, na anazamishwa mwili mzima, kwa hiyo siku ile hakuna anayesimuliwa, kila mtu anaikumbuka. Ya kwangu naikumbuka hivi: gauni jeupe limelowa limekuwa zito, kitambaa puani, mkono wa mchungaji katikati ya mabega, na kabla hajanilaza majini akaninong'oneza, "bana pumzi, nimekushika." Mahubiri yake mengi nimeshayasahau jamani, lakini ule mkono bado nausikia mgongoni. Sasa mzee wenu kwa miaka yote hiyo kashika migongo mingapi? Mwombe katibu wa kanisa akufungulie daftari la ubatizo, mtafute wa kwanza kabisa aliyembatiza na wa mwisho, kama wapo ukaongee nao wote wawili, kila mmoja akuambie alinong'onezwa nini.

Na hiyo miaka 30 usiipite kama namba tu. Kwetu mchungaji haletwi na askofu, washirika wenyewe ndo wanamwita kwa kura, na washirika haohao wakiamua wanaweza kumwambia kwenye kikao asante baba sasa inatosha. Yani kukaa muda wote huo manake watu wameendelea kumkubali huku wanamjua mpaka udhaifu wake. Watu wanamkumbuka sana Charles Spurgeon, yule mhubiri Mbaptisti aliyeitwa na kanisa moja la London 1854 akiwa na miaka 19 tu na akawa mchungaji wao mpaka anafariki 1892, ila wachache wanajua kwamba kabla yake kanisa hilohilo liliwahi kuchungwa na John Gill kwa zaidi ya miaka 50, na akafuata John Rippon, huyo alikaa 63, kutoka 1773 mpaka 1836! Fikiria, mtu amembatiza babu na akaja kumfungisha ndoa mjukuu. Mzee wenu ni wa ukoo huo, na hilo liandike bila aibu.

Vyeti na tarehe viweke kwenye karatasi ya ratiba, anayetaka atasoma. Martin Luther King naye alikuwa mchungaji Mbaptisti, na mwezi wa pili 1968, miezi miwili kabla hajauawa, alihubiri kanisani kwake Atlanta akasema siku ya kuzikwa kwake atakayemwongelea asiwe mrefu, asitaje tuzo yake ya Nobel wala shule alizosoma, aseme tu kwamba alijaribu kuwapenda watu, kulisha wenye njaa, kuwatembelea wafungwa. Na siku ya mazishi wakapiga kanda ya mahubiri yale, ikawa kama mwenyewe ndo anajisomea.

Haya, mgawanyiko. Mimi nasema uguse. Nusu ya watakaokaa kwenye mabenchi siku hiyo walikuwepo, ukiruka watajua umeruka, na baada ya hapo hata mazuri uliyoyasema watayapunguza. Sentensi mbili zinatosha, bila majina, bila kusema nani alikosea, manake hata walioondoka wanaweza kuja wakakaa nyuma kabisa na wao walikuwa kondoo wake. Kama aliendelea kuwatembelea, sema. Kama hakuwatembelea usimtungie. Sisi hatumwombei marehemu, na tunaamini mtu anaokolewa kwa neema, kwa hiyo hiyo karatasi yako haimpeleki mbinguni wala haimzuii, huna haja ya kumfanya malaika.

Ila kabla ya yote nenda kwa mama mchungaji, na usiende kumuuliza tarehe. Muulize simu zilikuwa zinalia saa ngapi usiku na nani alikuwa anaamka kwanza. Naumia sana ninaposikia wasifu ambao mama anatokea mstari wa mwisho tu, ameacha mjane na watoto, wakati huyo mama ndo alikuwa anapokea wageni wa kanisa na chakula hajui kitatoka wapi, na watoto wanamsubiri baba yao aliyeko kwa watoto wa wenzao.

Ukimaliza, msomee yeye kwanza. Alafu nakala ya kusomea iandike kwa herufi kubwa na umpe shemasi mmoja akae nayo karibu, ili ukifika pale kwenye mazishi ya mama yako sauti ikikata, apokee aendelee.