Maswali ya Wasomaji: Mahasimu Wanaosomeana Hukumu

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Nasoma sheria mwaka wa pili. Katika hukumu za mikataba za hapa Zanzibar nimekuta kesi za India zimenukuliwa, na mwalimu wetu anasema hata za Pakistan zinafaa. Nchi hizo zimepigana vita mara kadhaa tangu 1947. Vipi zitumie sheria moja, na sisi tumeingiaje humo?
— Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Nianze na letu. Waingereza walipofungua mahakama ya ubalozi wao Unguja katika karne ya 19, rufaa zake zilikwenda Bombay, India, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa majaji na vitabu, na wengi wa wafanyabiashara waliokuwa chini ya hifadhi yao hapa walitokea Kutch na Gujarat. Kwa njia hiyo Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 ilitufikia, na misingi yake ikaandikwa katika Sura ya 149 ya sheria zetu. Mapinduzi ya 1964 yaliiondoa dola iliyoileta, na baadaye mahakama za wananchi zikawafungia mlango hata mawakili, lakini Sura hiyo ilibaki, maana ugomvi wa mwenye jahazi na mwenye shehena haukungoja siasa itulie.

India na Pakistan nazo zilirithi sheria hiyohiyo zilipogawanyika, na mpaka leo masharti ya makubaliano kuwa mkataba yamo katika kifungu cha 10, Delhi na Lahore sawia.

Hata hivyo, urithi ni jambo jepesi kulieleza. Linalostahili kukushughulisha zaidi ni wazo lililovuka mpaka baada ya uadui kuota mizizi. Mwaka 1973, katika kesi ya Kesavananda Bharati, Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba Bunge linaweza kurekebisha Katiba lakini haliwezi kuubomoa muundo wake wa msingi. Hoja hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa na mwanazuoni wa Kijerumani, Dietrich Conrad, katika mhadhara aliousoma Banaras, huko India, mwaka 1965, naye alitoka katika nchi ambayo Katiba yake ya 1949 iliweka misingi isiyoguswa kwa sababu ya yale iliyoyaona chini ya Hitler. Bangladesh, iliyojitenga na Pakistan kwa vita mwaka 1971, ililipokea wazo hilo mwaka 1989. Pakistan yenyewe ililikataa kwa miaka mingi, kisha mwaka 2015 majaji wake walio wengi wakakubali kwamba Katiba yao ina sifa kuu ambazo Bunge halina uwezo wa kuzifuta, miongoni mwake uhuru wa mahakama. Marekebisho yaliyokuwa yakipingwa siku hiyo, yaliyoruhusu mahakama za kijeshi kuwahukumu raia, waliyaacha yasimame. Mimi naona hapo ndipo penye somo lako: walichukua hoja ya jirani bila kuchukua matokeo yake.

Kuhusu kunukuu, hukumu ya Lahore au ya Delhi haiifungi mahakama yetu, bali huishawishi tu. Kwa hiyo, kabla ya kuitaja, weka kifungu chao na chetu ubavu kwa ubavu, neno kwa neno, umwoneshe jaji kwamba waliamua juu ya maneno yaleyale tuliyonayo sisi.