Mpilipili Hautaki Kuharakishwa: Kwa Wewe Unayeanza

Mche wangu wa kwanza wa pilipili mbuzi niliuua kwa maji. Wa pili niliuua kwa mbolea. Wa tatu ulikauka kwa dawa niliyoipuliza saa saba mchana, jua la utosi, nikifukuza wadudu ambao, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, hawakuwepo kabisa. Nikaanza kuweka hesabu. Katika miche yote niliyopoteza miaka ile, michache ilikwenda na baridi au ugonjwa. Mingi niliimaliza mwenyewe nikidhani naisaidia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya haya nitakayokueleza inahusu wakati wa kuuacha mti peke yake.

Kwanza jua unapanda nini. Pakiti iliyoandikwa "pilipili kali" bila neno jingine haikuambii kitu. Kwenye bustani ya nyumbani utakutana hasa na spishi tatu. Capsicum annuum, wenye jalapeño na cayenne, huota upesi na kuzaa mapema. Capsicum frutescens, ukoo wa pilipili kichaa, hutoa vitunda vidogo vinavyosimama wima kutazama juu. Capsicum chinense, wenye pilipili mbuzi na zile zinazoshindania rekodi za ukali kama Carolina Reaper, huchelewa katika kila hatua. Jina la chinense, yaani "ya China", linadanganya, maana pilipili zote hizi asili yake ni mabara ya Amerika. Tofauti ya ukali nayo si ndogo: kwa kipimo alichobuni mfamasia Wilbur Scoville mwaka 1912, jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, na habanero, ambaye ni ndugu wa pilipili mbuzi, kati ya 100,000 na 350,000. Kama huu ni msimu wako wa kwanza, panda jalapeño au cayenne. Najua unaitaka ile ya kutoa machozi. Iweke pembeni mche mmoja tu, lakini tegemea hizi nyepesi ili uone matunda kabla hujakata tamaa.

Kwenye kuotesha ndiko subira inakoanza kupimwa. Mbegu zinataka udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, zifukiwe nusu sentimita hivi, na unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Katika hali hiyo annuum huchomoza ndani ya siku 7 hadi 14. Chinense inaweza kuchukua wiki 2 hadi 5, na udongo ukiwa wa baridi hata zaidi. Siku ya 12 mimi nilishindwa kuvumilia, nikafukua mbegu moja kwa ncha ya kijiti nione kinachoendelea. Kimzizi cheupe, chembamba kama uzi, kilikuwa kimeshatoka. Nikakikata palepale.

Zikishaota, adui mkubwa ni ugonjwa wa kinyausi. Asubuhi unakuta kimche kimelala, shingo yake pale kwenye udongo imekonda na kuwa kama imechemshwa. Hakiponi hicho. Kinyausi hupenda udongo uliolowa muda wote na hewa iliyotuama, kwa hiyo acha uso wa udongo ukauke kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, weka trei kwenye sahani ya maji inywe kwa chini halafu iondoe, na usiifunike tena baada ya mbegu kuchomoza. Miche ikirefuka na kulegea kama inamtafuta mtu, inataka mwanga. Usiipe mbolea. Ukiihamishia kwenye vikopo vikubwa, shika jani. Jani likikatika litaota jingine, lakini shina likivunjika umepoteza mche.

Kabla ya kupandikiza bustanini, izoeshe. Siku ya kwanza itoe nje saa moja kivulini, kesho ongeza, na ndani ya siku 7 hadi 10 iwe imezoea jua kamili na upepo. Miche iliyotolewa ndani na kupandwa juani siku hiyohiyo hubabuka, majani yanakuwa na mabaka meupe kama karatasi. Pandikiza jioni, na usubiri hadi usiku usiwe unashuka chini ya nyuzi 13. Kuwahi wiki tatu kwenye udongo wa baridi hakukupi faida yoyote, mti utadumaa tu na ule uliochelewa utaupita.

Udongo sitaukalia sana. Uwe unapitisha maji, uwe na mboji iliyoiva, na kama unao uwezo wa kupima, pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, kati ya 6 na 6.8 inafaa. Nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Usipande mahali palipokuwa na nyanya, biringanya au viazi mviringo msimu uliopita, kwa sababu ni ukoo mmoja na magonjwa yao ya udongoni ni yaleyale. Miaka mitatu ya kupumzisha sehemu hiyo si mingi. Anayelima kwenye ndoo achague ya lita 15 au zaidi, na atoboe matundu ya kutosha chini. Na nguzo ya kuegemeza isimikwe siku ileile ya kupanda. Ukiisimika mti ukiwa umebeba matunda, utakata mizizi, na matawi ya mpilipili huvunjika kirahisi kuliko unavyofikiri.

Sasa maji, na hapa nisikilize vizuri. Mchana wa joto kali majani ya mpilipili hulegea na kuning'inia, udongo ukiwa na unyevu wake wote. Mti unapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, basi unajikunja. Mimi nikiona hivyo nilikuwa nakimbilia ndoo. Kesho yake nakuta umelegea tena, namwaga tena, na baada ya wiki mbili mizizi imeoza na sasa mti umelegea kwelikweli, asubuhi hadi asubuhi. Utaratibu wangu siku hizi ni huu: nikiukuta umelegea mchana, siugusi. Natazama jioni jua likipungua. Ukiwa umenyooka wenyewe, hakuna tatizo. Usiponyooka, nazamisha kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Kukiwa kukavu huko chini, namwagilia kwa wingi, maji yafike mizizini, kisha naacha. Kukiwa kumelowa, shida ni nyingine na maji yataiongeza. Matandazo ya nyasi kavu kuzunguka shina, bila kuligusa, yatakupunguzia kazi hii kwa nusu.

Kumwagilia kwa pupa, leo gharika kesho jangwa, ndiko kunakoleta pia kuoza kitako: kwenye ncha ya tunda linatokea baka lililozama, la kahawia au jeusi, kavu. Watu husema udongo hauna kalisiamu na kuanza kumwaga maganda ya mayai. Mara nyingi kalisiamu ipo, ila husafiri na maji, na maji yakikatikakatika haifiki kwenye tunda. Toa matunda yaliyoharibika, nyoosha ratiba ya maji, yajayo yatakuwa safi.

Mbolea ndiyo kosa tamu kuliko yote kwa sababu matokeo yake yanapendeza. Msimu wangu wa pili nilikuwa na mpilipili uliofika kifuani, majani mapana ya kijani kibichi, kila mpita njia anausifia. Haukuwa na ua hata moja. Nilikuwa nimeulisha naitrojeni kila wiki, nao ukaona hakuna sababu ya kuhangaika na kuzaa. Mboji wakati wa kupanda, kisha mbolea yenye potasiamu zaidi ya naitrojeni pale maua yanapoanza, na nyongeza kidogo matunda yakishashika. Hapo inatosha.

Maua yataanguka. Nakutahadharisha mapema kwa sababu utakapoyaona yametapakaa chini utataka kufanya jambo. Usiku ukizidi nyuzi 24 au ukishuka chini ya 13, au mchana ukipita 32 hivi, mti hutupa maua. Hali ya hewa ikitulia hushika mengine. Kwenye kibaraza kisicho na upepo unaweza kutikisa matawi taratibu asubuhi ili chavua iangukie, kwani ua la mpilipili hujichavusha lenyewe.

Linalowachanganya wageni kuliko yote ni majani kujikunja. Kila mmoja huuliza dawa gani, kana kwamba ugonjwa ni mmoja. Geuza jani utazame chini yake kwanza. Ukikuta vijidudu laini vimejazana, jani linanata, na sisimizi wanapanda na kushuka shinani, hao ni vidukari, na sisimizi wanawalinda kwa sababu ya ule utamu wanaotoa. Waponde kwa vidole, wapige kwa maji ya nguvu, au changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali kwenye lita moja ya maji, upulize jioni chini ya majani, ukianza na jani moja la majaribio. Ukikuta majani machanga ya kileleni yamekuwa membamba, yamejikunja kuelekea chini, upande wa chini unang'aa kama shaba na huoni mdudu yeyote, washuku utitiri. Hawaonekani bila lenzi. Salfa huwamaliza, ila usiipulize kwenye joto kali. Majani yenye mabaka ya kijani na njano yaliyochanganyika, yakiwa yamekunjamana na mti umedumaa, hayo ni batobato, yaani virusi, na hakuna dawa. Ng'oa uutupe mbali kabla vidukari hawajausambazia mti wa jirani. Anayevuta sigara anawe mikono kabla ya kuishika miche, kwa maana tumbaku nayo inabeba virusi vya batobato. Na kama majani yamejikunja juu tu kama mtumbwi mchana na jioni yamefunguka, ni joto. Hapo ndipo mimi nilipouua mche wa tatu.

Vifundo vyeusi au vya zambarau kwenye maungio ya shina ni vya kawaida. Mistari ya rangi ya gome kwenye jalapeño pia ni ya kawaida, ni ngozi imepasuka kwa kukua na kupona.

Kuvuna ni kwa mkasi, ukiacha kikonyo. Pilipili huliwa ikiwa mbichi au ikishabadilika rangi, lakini ukitaka ladha kamili na mbegu zinazoota, subiri iive. Ukichuma mara kwa mara, mti unaendelea kuzaa. Kama kuna ndege, weka wavu: ukali hauwazuii, kwa kuwa miili yao haiuhisi kama yetu, nao ndio wasambazaji wa mbegu zake porini.

Wahenga waliuliza pilipili ya shamba yakuwashia nini. Nitawajibu: nilikata pilipili mbuzi ishirini mikono mitupu, nikanawa kwa maji, nikapangusa jicho usiku. Kinachowasha, kapsaisini, hutengenezwa kwenye ule utando mweupe wa ndani unaoshikilia mbegu. Mbegu zenyewe zimepakwa tu. Hakiyeyuki kwenye maji ila kwenye mafuta, kwa hiyo jipake mafuta ya kupikia mikononi kwanza, pangusa, kisha sabuni. Vaa glavu na yote hayo hutayahitaji.

Za kukausha ziwe za nyama nyembamba kama cayenne. Jalapeño nzima utaianika hadi ianze kuvunda ndani huku nje ikiwa inang'aa. Ipasue kwanza, au iweke kwenye siki. Imekauka ikivunjika kwa mlio. Ikijipinda bado.

Ukiweka mbegu za msimu ujao, fahamu kwamba nyuki huchanganya chavua. Pilipili tamu iliyopandwa kando ya kali haitakuwa kali mwaka huu, hata watu wakuapie, kwa sababu nyama ya tunda ni ya mama yake. Lakini mbegu zilizomo ndani zinaweza kuzaa kitu kingine mwakani. Funika tawi moja kwa kitambaa chepesi kabla maua hayajafunguka, likishashika matunda ondoa kitambaa, uyafunge uzi ili uyajue.

Na msimu ukiisha, usikimbilie kung'oa. Mpilipili ni mmea wa miaka kadhaa, ni sakitu tu, yaani baridi ya kugandisha, inayoumaliza. Penye baridi kali, ukate ubaki matawi mafupi mawili matatu, uhamishie kwenye chungu, uweke ndani penye mwanga na uupe maji kidogo mno. Utapukutisha majani yote. Kwaruza gome kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, uko hai. Wangu mmoja ulikaa kijiti kitupu wiki sita. Nilikuwa nimeshaubeba kwenda kuutupa, nikaona kwenye kifundo kimoja kichipukizi cha ukubwa wa punje ya mtama. Nikaurudisha dirishani, na maji sikuupa hadi wiki iliyofuata.